Siku yangu ya kwanza ya treki: nilitoa vioo, nikaanza kumjali mtu wa nyuma

Kitu cha mwisho kutoa kilikuwa vioo. Nilikuwa nimeshamwaga kulanti, ile ya kupoza injini, nimeshafungua pleti namba na indiketa, taa nimezifunika kwa tepu, pikipiki imekaa kwenye stendi ya nyuma inaonekana kama kitu kingine kabisa, afu nikachukua spana nikafungua kioo cha kulia, kikatoka, nikafungua cha kushoto, kikatoka, na hapo ndo moyo ukashtuka. Maana miaka yote niliyoendesha barabarani mimi ni mtu wa vioo. Kila baada ya sekunde chache jicho linaenda kulia, linarudi, linaenda kushoto, nani yuko nyuma, huyu wa gari dogo anataka nini, yule wa lori ameniona au hajaniona. Nikapanda kwenye siti palepale, nikashika usukani, na jicho likaenda lenyewe kulia kutafuta kioo ambacho hakipo.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye ameshalipia siku yake ya kwanza ya treki, au bado anaizungukazunguka ile fomu kila usiku hajathubutu kuijaza. Mimi niliizunguka miezi kadhaa. Kila niliyemuuliza nijiandae vipi alinitajia vitu vya kununua, egzosi, breki levo fupi, tairi za mashindano, na mimi nikawa naamini kujiandaa ni kuongeza. Baada ya kwenda na kurudi mzima naona tofauti kabisa, na ndo nataka nikwambie vizuri, kwa hiyo vumilia kama nitakaa muda mrefu kwenye vitu vidogo kama maji ya rejeta.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Siku ya treki haina mashindano ndani yake. Unalipia nafasi ya kuendesha kwenye uwanja wa mbio uliofungwa, hakuna gari linalokuja mbele yako, hakuna anayevuka, hakuna makutano, wote mnaelekea upande mmoja. Mnagawanywa makundi kwa uzoefu, mara nyingi matatu, wanaoanza, wa kati na wenye kasi, kila kundi linaingia kwa zamu ya dakika 15 mpaka 20 afu linatoka lingine linaingia, mpaka jioni. Hakuna mshindi wala zawadi. Na waandaaji wengi hawataki kabisa uweke kitu cha kupima muda wa raundi, kwa sababu mtu akishaona namba anaanza kuifukuza.

Sasa kulanti. Ile ya kijani au ya pinki iliyomo kwenye rejeta yako kwa kawaida imechanganywa na glaikoli, ndo inayozuia maji yasigande kwenye baridi na kuyaongezea uwezo wa kuvumilia joto. Kwa barabarani ni kitu kizuri sana. Lakini ikimwagika kwenye lami inateleza, na haikauki haraka kama maji, inabaki pale kama utando. Pikipiki moja ikianguka rejeta ikapasuka, ule mstari wa utelezi unabaki hasahasa kwenye kona, mahali ambapo wenzako wote wanakuja wamelaza pikipiki, na kuusafisha kunaweza kula muda wa watu wote. Ndo maana viwanja vingi na waandaaji wengi wanakutaka uitoe, uweke maji yaliyosafishwa yasiyo na madini. Wengine hawalazimishi kundi la wanaoanza, soma sheria za unakokwenda. Mimi kwa maoni yangu toa tu hata kama hawajalazimisha.

Kazi yenyewe siyo ngumu ila inataka utulivu. Injini iwe baridi kabisa, kifuniko cha rejeta ya moto hakifunguliwi kamwe, kitakuunguza uso. Fungua bolti ya kumwagia, acha yote itoke, jaza maji, washa kidogo, zima, subiri ipoe, mwaga tena, rudia mpaka yanayotoka ni meupe na hayana ule utelezi ukiyasugua kwa vidole. Mimi nilirudia mara nne. Afu jaza maji safi, washa ukiwa umeacha kifuniko wazi mpaka mapovu ya hewa yaishe, kwa sababu hewa ikibaki ndani injini itachemka raundi ya tatu. Ile uliyoimwaga ikusanye kwenye dumu lenye mfuniko uipeleke wanakopokea taka za namna hiyo. Aina iliyozoeleka ina sumu na ladha yake ni tamu, mnyama akiikuta mtaroni anailamba na inamuua. Na kama unakaa mahali pa baridi kali usiiache pikipiki na maji matupu usiku, yakiganda yanapasua.

Nilipokuwa nachuruzisha ile raundi ya nne, nimechuchumaa na beseni, ndo wazo likaniingia kwamba hii kazi yote hainisaidii mimi hata chembe. Mimi nikianguka nimeshaanguka. Hii ni kwa ajili ya mtu anayekuja nyuma yangu, ambaye simjui, hajanijua, na saa hiyo yuko kwake naye labda amechuchumaa na beseni lake kwa ajili yangu.

Nikaanza kuiangalia orodha yote upya kwa jicho hilo. Taa unafunika kwa tepu kwa nini? Zikivunjika vioo visitapakae kwenye lami. Taa ya breki unatoa fyuzi au unaifunika kwa nini? Kwa sababu mtu wa nyuma akiona nyekundu inawaka naye anashika breki bila kufikiri, wakati pengine wewe umegusa tu, na mahali pako pa kushika breki siyo pake. Bolti ya kumwagia oili, filta ya oili na kifuniko cha kujazia oili vinafungwa waya kwa nini? Visilegee kwa mtetemo vikamwaga oili mbele ya tairi ya mtu. Kwa siku ya treki ya kawaida waya haulazimishwi kila mahali, mimi nilifunga kwa sababu nilikuwa na muda, na kwenye filta niliweka klampu ya kubana inayoegemea kwenye injini isiweze kujifungua. Kama hujawahi kutoboa bolti ili upitishe huo waya usijaribie usiku wa mwisho, kaza tu kwa kipimo cha kitabu, futa kila kitu kikauke, endesha siku mbili, uangalie tena kama kuna unyevu wowote. Oili inayovuja kidogo barabarani watu wanaishi nayo. Treki hapana.

Breki ndo palinifundisha kwa nguvu, na hapa nakaa kidogo.

Kwanza elewa zinafanya kazi gani. Nguvu inayobidi breki ziimeze inapanda kwa mraba wa mwendo, yaani kusimama kutoka kilomita 200 kwa saa kunataka breki zimeze mara nne ya zile za kutoka 100, wala siyo mara mbili kama akili inavyodhani. Na treki unafanya hivyo kila raundi, kona baada ya kona, bila taa nyekundu ya kukaa upumzike. Joto linaingia kwenye diski, kwenye pedi, kwenye kaliper inayobana hizo pedi, mpaka kwenye mafuta ya breki. Sasa mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani pole pole. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya kiwango kinataka yasichemke chini ya nyuzi 230, yakishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika, levo inakuja mpaka kwenye mpini na pikipiki haisimami. Kwa hiyo kama hukumbuki mara ya mwisho ulibadilisha lini, badilisha. Hiki ni kitu kimoja ambacho siwezi kukwambia ukiruke.

Mafuta nilibadilisha wiki mbili kabla, safi. Pedi za mbele zilichelewa kufika, zikaja jioni ya siku ya mwisho, na mimi nikaona siwezi kwenda na za zamani, nikaanza kuzibadilisha saa tano usiku. Unajua inavyokuwa, unarudisha pistoni ndani ili pedi nene ziingie, unarudisha kaliper, unakaza, unafuta, unalala. Asubuhi nipo padoki, lile eneo la maandalizi pembeni ya uwanja, nimepanga foleni ya ukaguzi, mkaguzi mtu mzima ana mikono ya fundi kabisa, anagusa kila kitu bila haraka, akafika kwenye levo ya breki ya mbele akaibana. Ikaenda yote mpaka kwenye mpini. Sikuwa nimepampu. Pistoni zilikuwa bado zimerudi nyuma vilevile nilivyoziacha usiku, na kwenye foleni nilikuwa nimeisukuma pikipiki kwa mkono bila kuiwasha wala kugusa breki ya mbele. Akabana ya pili, ya tatu, ya nne, ikakaza kama kawaida. Hakunifokea. Aliniuliza tu, breki hizi umezifanya saa ngapi? Nikamwambia saa tano usiku. Akaniambia, nenda kachukue toki renchi yako urudi, shika kila bolti ya kaliper mbele yangu. Renchi hiyo inalia bolti ikifika kipimo chake, na bolti moja ya kushoto ilizunguka kabla haijalia, yaani haikuwa imekazwa vya kutosha.

Nilikaa kwenye kiti changu padoki mikono inatetemeka. Nilifikiria mwisho wa ile sehemu ndefu iliyonyooka, na nilimfikiria zaidi mtu ambaye ningemgonga kwa nyuma, maana mimi nami ni mtu wa nyuma wa mtu fulani.

Tangu siku ile nina sheria moja siivunji, siku tatu za mwisho spana haiguswi kufungua kitu. Naruhusu kukagua, kukaza, kupima upepo, kulainisha cheni basi. Kazi yoyote ya breki, magurudumu au usukani lazima iwe imeshaendeshwa barabarani kabla, na pedi mpya zinahitaji hivyo hata hivyo, zinataka kusuguana na diski pole pole ndo zishike vizuri. Kama kitu hakijafika kwa wakati na cha zamani hakifai, siku inaahirishwa. Inauma, pesa inaweza isirudi, lakini inaahirishwa.

Tairi watu wanazihangaikia kupita kiasi. Siku ya kwanza hauhitaji sliki, zile tairi za mashindano zisizo na michoro. Sliki zinataka joto ambalo mtu anayeanza hawezi kulitengeneza wala kulitunza, zikiwa baridi zinakutupa. Tairi nzuri za barabarani za aina ya spoti, zenye kina cha kutosha, zisizo na ufa, zinatosha na zinabaki. Angalia ubavuni kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu, 2322 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2022, kwa hiyo tairi ambayo haijachakaa lakini ina miaka mingi usijidanganye kwa michoro yake mizuri. Upepo ndo wenye maana. Pikipiki nyingi za spoti kitabu kinasema psi 36 mbele na 42 nyuma kwa barabarani. Treki tairi inapata moto zaidi na upepo ndani unapanda, kwa hiyo watu wanaanzia chini, wengi kwenye 30 au 32 mbele zikiwa baridi na nyuma karibu na hapo au chini kidogo, lakini uliza waliotengeneza hiyo tairi yako hasa, wengi wanatoa namba zao za treki. Beba geji yako mwenyewe, ileile moja siku nzima, kwa sababu geji mbili hazikubaliani. Baada ya hapo cheni kaza kwa kipimo cha kitabu, lainisha siku moja kabla ili isirushe mafuta kwenye tairi, basi.

Suspensheni usiiguse sana. Weka preloudi, yaani mkazo wa awali wa springi, iendane na uzito wako ukiwa umevaa suti yote, hapo inatosha kabisa kwa siku ya kwanza, hizo klik za marekebisho mengine ziache hadi utakapokuwa unaendesha kwa namna moja raundi baada ya raundi, la sivyo utakuwa unarekebisha pikipiki kwa makosa yanayobadilika kila kona.

Nguo. Suti ya ngozi ya kipande kimoja, au vipande viwili vinavyoungana kwa zipu kuzunguka kiuno chote, zipu fupi ya mgongoni wengi hawaikubali. Glavu zinazofunika kifundo cha mkono, buti zinazopita kifundo cha mguu, helmeti ya uso mzima yenye alama ya kiwango kinachokubalika kama ECE 22.06 na ambayo haijawahi kupigwa. Kinga ya mgongo angalia kimeandikwa EN 1621-2 na ni level ngapi. Level 1 inaruhusu wastani wa nguvu inayopenya mpaka kilonyutoni 18, level 2 mwisho 9, yaani nusu. Nunua level 2. Suti ivae nyumbani saa nzima, panda kwenye pikipiki ikiwa kwenye stendi, inama kama unavyoendesha. Suti inayokukaa vizuri ukiwa umesimama wima mara nyingi ni kubwa, ya kwangu ukisimama inakuvuta mabega kama inakulazimisha uiname, na ndo ilivyotakiwa. Na weka vizibo vya masikio, upepo wa kasi unachosha akili kuliko unavyodhani.

Mwili, lala. Sina la kuongeza sana hapo zaidi ya kwamba mimi nililala masaa manne kwa sababu ya zile pedi na niliyaona matokeo mchana. Kunywa maji kuanzia siku iliyotangulia, maana ndani ya ngozi unavuja jasho hata kwenye siku ya mawingu, na akili ndo inayochoka kabla ya misuli. Na mafuta ya petroli nenda na tangi limejaa na dumu la ziada, treki inakunywa vibaya sana. Panga pia namna ya kurudi nyumbani isiyotegemea pikipiki kuwa nzima. Mimi niliazima pikapu na mikanda minne. Na bima yako isome kabla, za barabarani nyingi hazifanyi kazi ukishaingia uwanjani.

Asubuhi kuna kikao cha maelekezo na hakikosekani, usipohudhuria huingii. Wanafundisha bendera. Njano, kuna hatari mbele, punguza, usimpite mtu. Nyekundu, zamu imesimamishwa, rudi piti taratibu, ile njia ya pembeni ya kuingilia na kutokea uwanjani. Mistari ya njano na nyekundu, lami inateleza. Nyeusi ikinyooshwa kwako, toka, kuna tatizo na wewe au pikipiki yako. Miraba miraba nyeusi na nyeupe, zamu imeisha. Kitu nilichokishika zaidi ni namna ya kuitikia ile nyekundu. Unaiona, unashtuka, mwili unataka kubana breki palepale, na wao wakasema kwa msisitizo mkubwa usifanye hivyo, inua mkono, punguza mafuta pole pole, kwa sababu wa nyuma yako anaweza kuwa bado hajaiona. Na ukitaka kutoka kwenda piti, inua mkono au toa mguu mapema, kaa upande wako, usikate ghafla.

Afu aliyekuwa anatuelekeza akasema ile sentensi niliyokuwa naisubiri bila kujua naisubiri. Anayempita mwenzake ndiye mwenye jukumu. Aliye mbele anaendesha mstari wake, hageuki nyuma, hahami kumpisha mtu.

Nilifikiri nimeielewa. Nimeingia zamu ya kwanza nyuma ya mwalimu, raundi mbili za taratibu za kuzoea uwanja na kupasha tairi, na mwili wangu haukuielewa kabisa. Nikisikia injini nyuma nabana mabega, nasogea kidogo pembeni kama ninavyofanya barabarani nikitaka lori lipite, na kule kusogea ndo kunakomchanganya anayekupita kwa sababu yeye alishachagua upande kwa kuangalia ulipokuwa unaelekea. Mara mbili nilihama mstari kwa heshima, mara mbili nikasikia mtu nyuma yangu anafunga mafuta ghafla. Nilidhani namsaidia.

Tukatoka, mwalimu akavua helmeti akanijia. Hakuzungumzia kasi wala kugusa lami kwa goti kwenye kona. Akaniuliza, mdogo wangu, kuna vibanda vingapi vya mashali kwenye huu uwanja? Sikujua. Mashali ndo wale wasimamizi wanaopeperusha bendera. Nilikuwa nimezunguka dakika 20 na sikumbuki kibanda hata kimoja, maana yake bendera ingepeperushwa nisingeiona. Akaniambia, zamu ijayo kazi yako ni hiyo tu, vihesabu. Nikamwambia sawa kaka.

Nikaingia nikaanza kuhesabu, na ndo siku yenyewe ikaanza hapo. Kwa sababu ili uone kibanda kilicho mbali inabidi uinue kichwa, na ukiinua kichwa unaona kona nzima, unaona mwisho wake kabla hujaingia mwanzo wake, na pikipiki inaenda unakoangalia. Kwa kilomita 100 kwa saa unapita karibu mita 28 kila sekunde. Mtu anayeangalia mita 10 mbele ya tairi yake anaangalia kitu ambacho kimeshapita. Jicho langu lililokuwa linatafuta vioo likapata kazi nyingine, kibanda, alama ya kuanzia breki, mahali pa kulazia, ncha ya ndani ya kona, njia ya kutokea, kibanda. Vilikuwa tisa. Mikono ikalegea yenyewe, nikaanza kulishika tangi kwa magoti badala ya kuning'inia kwenye usukani, na usukani ukiuachia upumue pikipiki inatulia, kwa sababu gurudumu la mbele linahitaji uhuru wa kujirekebisha kidogo kidogo na mikono iliyokaza inalinyima.

Na watu wakaendelea kunipita. Kundi letu sheria ilikuwa kupita kwa nje tu au kwenye sehemu iliyonyooka, na kuachiana nafasi ya mita mbili. Nikaacha kuwasikiliza. Nilikuwa naendesha mstari uleule, breki palepale, mafuta palepale, na wao wakanisoma kama kitabu, wananipita safi, mbali, bila mtu kushtuka. Hapo ndo mwili ukaelewa kilichosemwa asubuhi. Barabarani nilimtunza mtu wa nyuma kwa kumwangalia. Hapa nimemtunza kwa beseni na waya na tepu kabla sijaingia, na sasa namtunza kwa kutabirika.

Kuhusu goti niseme neno moja kwa sababu najua unaliwaza. Kenny Roberts, Mmarekani wa mbio za pikipiki, alipochukua ubingwa wa dunia wa 500cc mwaka 1978 na kuurudia 1979 na 1980 picha zake goti likiwa chini zilienea, na tangu hapo kila anayeanza anaona bila goti chini hajafika. Fanya hesabu kwanza. Kona yenye nusukipenyo cha mita 50 ukiipita kwa kilomita 80 kwa saa, kwa hesabu rahisi unahitaji kulala karibu digrii 45. Kona hiyohiyo kwa 100 unahitaji karibu digrii 58, na hizo ni digrii za watu wa mashindano na tairi zao. Kilomita 20 tu zimekutoa kwenye siku nzuri zikakupeleka mahali ambapo tairi yako ya barabarani inaweza isikufuate. Goti linafika lenyewe siku mstari wako, kasi yako na mkao wako vikishakutana. Siku ile langu halikugusa na sikulitafuta.

Kuna jambo moja zaidi walisema nalo nalirudia kwa sababu linaokoa. Ukikosea breki ukaona hutakata kona, usibane zaidi ukiwa umelaza. Inyanyue pikipiki wima, nenda moja kwa moja nje, na ukiingia kwenye majani achia breki ya mbele kabisa, tulia, itapungua yenyewe. Rudi uwanjani pale mashali anapokuruhusu, baada ya kuangalia. Ukianguka, achia pikipiki iende zake, teleza mpaka usimame kabisa ndo uinuke, maana watu wengi wanainuka wakidhani wamesimama kumbe bado wanateleza.

Zamu ya mwisho ilikuwa saa kumi na nusu. Nilikuwa nimevaa suti, nimekaa kwenye kiti, na nikagundua kwamba kwenye zamu iliyotangulia nilisahau kibanda kimoja. Nilihesabu vinane. Raundi iliyofuata vinane tena. Kile cha tisa kipo baada ya kona ndefu ya kushoto, mahali pa wazi kabisa, hakijifichi. Nikakaa nalo dakika tano. Pikipiki ilikuwa nzima, tairi nzima, mafuta yapo, nimeshalipia. Nikafungua zipu ya suti.

Mwalimu alipita akaniona nimevua, akauliza kuna nini, nikamwambia nimepoteza kibanda kaka. Akatingisha kichwa cha kukubali, akanishika bega, akaenda kuwaingiza wengine.

Nyumbani nilifika giza limeingia. Nilijua nikiacha mpaka kesho nitasahau kitu, na kesho kutwa naenda nayo kazini, kwa hiyo nikawasha taa nikaanza kurudisha kila kitu kwa mpangilio uleule nilioutolea. Upepo nikaupandisha mpaka 36 na 42. Maji nikayamwaga, kulanti mpya ikaingia, hewa ikatolewa. Tepu nikaibandua, pleti namba na indiketa zikarudi, fyuzi ya taa ya breki ikarudi. Vioo mwisho. Nikapanda nikavirekebisha, cha kulia nikauona mlango, cha kushoto nikauona ukuta wa nyuma. Nikabana levo ya breki, na kwenye kioo cha kushoto ukuta wote ukawa mwekundu.